Nikolai Vavilov, mtu aliyezunguka dunia kutafuta mbegu isiyougua

Mkulima wa soya anaijua hali hii. Shamba limesimama vizuri hadi wakati wa maua, mvua haijakatika, kisha madoa madogo ya kahawia yanajitokeza kwenye majani ya chini. Ukipitisha kidole upande wa chini wa jani unabaki na vumbi kama la bati lililopata kutu. Haichukui muda mrefu majani yanapukutika, maganda yanabaki na punje nyembamba, mengine matupu kabisa. Hiyo ndiyo kutu ya soya, ugonjwa wa ukungu unaosafiri kwa upepo. Uliripotiwa Uganda mwaka 1996, na miaka miwili baadaye ukasikika Zambia na Zimbabwe.

Katika kipindi chetu cha kilimo kuna swali linalorudi kila msimu wa kununua mbegu: ile mbegu inayosemwa kuwa inahimili kutu, uhimilivu wake umetoka wapi? Wapo wanaodhani ni dawa iliyopakwa juu ya mbegu. Wapo wanaodhani kuna kitu kilichotengenezwa maabara kikaingizwa ndani.

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi uhimilivu huo ulikuwepo tayari ndani ya mbegu nyingine, mbegu ya kienyeji ya mkulima wa mbali ambaye jina lake halijaandikwa popote. Mtu alipita, akaomba konzi moja, akaitunza. Mwingine akaja akaichanganya na mbegu yenye mavuno mazuri. Jibu refu lina watu wengi ndani yake, na leo tumemchagua mmoja wao, Mrusi aliyeitwa Nikolai Ivanovich Vavilov. Zao lake kubwa lilikuwa ngano, siyo soya. Lakini njia wanayopita watafiti wa soya leo ni ile aliyoifyeka yeye. Alikufa kwa njaa, gerezani, akiwa na miaka 55.

Mjukuu wa mkulima

Vavilov alizaliwa Moscow mwezi Novemba 1887. Baba yake alizaliwa kijijini katika familia ya wakulima, akaenda mjini, akafanya kazi ya dukani na hatimaye akawa mfanyabiashara wa vitambaa mwenye uwezo. Baba alitaka kijana ashike biashara, akampeleka shule ya biashara. Kijana alipomaliza alikwenda kusomea kilimo, akajiunga na chuo cha kilimo cha Moscow mwaka 1906. Mdogo wake, Sergei, alichagua fizikia. Huyo Sergei tutamkuta tena mbele.

Chuoni alipata mwalimu aliyeitwa Dmitry Pryanishnikov, bingwa wa lishe ya mimea na mbolea, ambaye alimfundisha kwamba sayansi ya kilimo inaanza na chakula cha watu. Urusi ya wakati huo ilikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Njaa kubwa ya mwaka 1891 na 1892 ilikuwa imeua watu wengi, na ngano na shayiri viliendelea kupigwa na ukame na magonjwa ya ukungu, hasa kutu na ubwiri unga. Wasikilizaji wetu wenye mikorosho wanaujua ubwiri unga wao. Ule wa ngano ni wa ukoo huo huo: unga mweupe juu ya jani, mmea unanyong'onyea, punje zinakuwa ndogo.

Dawa za kupulizia zilikuwa chache na mkulima wa kawaida hakuzimudu. Kijana Vavilov alijiuliza swali ambalo mkulima yeyote mwenye jicho huwa anajiuliza: kwa nini katika shamba lile lile, chini ya mvua ile ile, mmea huu umeoza na ule wa jirani yake uko safi?

Somo la Uingereza

Jibu la kwanza lilikuwa limeanza kupatikana Uingereza. Rowland Biffen, mtafiti wa Cambridge, alichukua ngano iliyokuwa ikishambuliwa vibaya na kutu ya njano, akaichavusha na aina nyingine iliyokuwa ikiihimili. Kizazi cha kwanza chote kiliugua. Mtu asiye na subira angetupa mbegu hizo. Biffen alizipanda tena, na katika kizazi cha pili, karibu mmea mmoja kati ya kila minne ulitoka safi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1905. Maana yake ilikuwa kubwa: uwezo wa kuhimili ugonjwa hurithiwa kama rangi ya ua inavyorithiwa, kwa hesabu zilezile ambazo mtawa Gregor Mendel alizipata kwenye njegere miaka arobaini kabla yake. Unaweza kujificha kizazi kimoja ukarudi kinachofuata.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo kazi yote ya kuboresha mbegu iliposimama hadi leo. Kama uhimilivu unarithiwa, basi unaweza kuuchukua kutoka kwenye mmea dhaifu wa mavuno ukaupeleka kwenye mmea wenye mavuno. Unachavusha, unapanda, unaachia ugonjwa ushambulie, unang'oa walioshindwa, unabakiza waliosimama, unarudia. Inachukua misimu kumi, wakati mwingine zaidi. Hakuna uchawi ndani yake, ila ni lazima uwe na mzazi mwenye uhimilivu wa kuanzia. Usipokuwa naye, unaweza kuchavusha hadi uzeeke.

Vavilov alikwenda Uingereza mwaka 1913, akajifunza kwa Biffen na kwa William Bateson, mtu aliyekuwa mstari wa mbele kueneza elimu ya urithi. Alibeba mbegu zake kutoka Urusi akazipanda huko. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alirudi nyumbani.

Alikuwa amepima mamia ya aina za ngano na shayiri dhidi ya kutu na ubwiri unga, na aliona mambo mawili. Kwanza, ukungu huchagua: kutu ya ngano haishughuliki na mmea usio wa ukoo wake. Pili, uhimilivu hufuata ukoo. Aina nyingi za ngano ya mkate zilikuwa zikiugua karibu sawasawa, lakini baadhi ya ngano za kale, ambazo watu wengi walikuwa wameacha kuzilima, zilisimama imara. Mwaka 1919 alitoa kitabu kizima juu ya kinga ya mimea dhidi ya magonjwa. Tangu hapo swali lake likawa moja: ngano hizo za kale zinapatikana wapi, na ziko ngapi?

Msafiri

Safari yake kubwa ya kwanza ilikuwa Uajemi, Iran ya sasa, mwaka 1916. Wanajeshi wa Urusi waliokuwa huko walikuwa wakila mkate na kuanguka kwa kizunguzungu. Vavilov alikagua ngano akakuta imechanganyika na magugu yanayofanana nayo, yenye ukungu ndani ya punje. Ni magugu yale yale yanayotajwa katika mfano wa Injili wa adui aliyepanda magugu kati ya ngano. Kazi hiyo ilipokwisha aliendelea hadi milima ya Pamir, akikusanya masuke.

Mwaka 1917 alikuwa profesa Saratov, mji ulio kando ya mto Volga. Nchi ilikuwa kwenye mapinduzi, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1921 alihamia Petrograd, mji uliokuja kuitwa Leningrad na leo Saint Petersburg, kuongoza ofisi ya taifa ya mimea ya kilimo. Mkubwa aliyemtangulia alikuwa amekufa kwa homa ya matapwitapwi ya chawa. Jengo halikuwa na moto wa kuwasha, na mwaka huohuo njaa ililipiga bonde la Volga ikaua watu wapatao milioni tano. Katika mazingira hayo Vavilov aliwaambia wenzake kwamba watakusanya mbegu za mazao yote ya dunia.

Tukiwa wakweli, mpango huo ungeonekana wa mtu aliyechanganyikiwa. Alikuwa na sababu zake. Mbegu moja iliyosawazishwa, inayopandwa nchi nzima, inatoa mavuno makubwa, lakini mimea yake yote ni kama mapacha. Ugonjwa ukimshinda mmoja umewashinda wote. Shamba la mkulima wa milimani, lenye mchanganyiko wa punje nyeupe, nyekundu na nyeusi, halijawahi kushinda tuzo ya mavuno. Lakini ndani yake mna mimea ambayo babu zao walipigana na kutu kwa maelfu ya miaka wakabaki hai. Pale ambapo zao limekaa muda mrefu kuliko kwingine, ndipo penye aina nyingi zaidi za zao hilo, na ndipo pa kutafuta kinga.

Kwa hiyo alichora ramani ya chimbuko la mazao. Kitabu chake cha 1926 kilitaja maeneo matano, baadaye akaongeza. Mahindi na maharage, Mexico na Amerika ya Kati. Viazi mviringo, milima ya Andes huko Peru na Bolivia. Ngano, shayiri na dengu, Mashariki ya Kati. Soya, China na majirani zake. Na eneo moja lilikuwa huku kwetu Afrika Mashariki: nyanda za juu za Ethiopia, zenye kahawa, mtama, ulezi na teff, ile nafaka ndogo wanayopikia injera.

Nyanda za juu za Ethiopia

Ethiopia aliingia mwishoni mwa mwaka 1926, kupitia Djibouti. Alipita Harar, akafika Addis Ababa, akapokewa na Ras Tafari, mtawala aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie. Kisha akapanga msafara wa nyumbu na wapagazi kuelekea kaskazini hadi Eritrea.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ile ile kila nchi. Alianzia sokoni, akitazama magunia na kuuliza kila nafaka imetoka kijiji gani. Kisha alikwenda kwenye kijiji hicho, akaingia shambani na mwenye shamba, akachukua masuke machache ya kila aina aliyoiona. Alilala saa nne au tano tu. Alijifunza lugha za watu haraka, angalau za kutosha kuulizia mbegu. Usiku aliandika, akafunga vifurushi, akavitia namba.

Alichokikuta Ethiopia kilimshangaza. Shamba moja dogo la ngano lilikuwa na aina nyingi zimechanganyika, zenye ndevu na zisizo na ndevu, na nyingine zenye punje za zambarau ambazo hakuwahi kuziona kwingine. Shayiri ilikuwa hivyo hivyo. Karibu na Aksum msafara uliangukia mikononi mwa majambazi wenye silaha, na inasimuliwa kwamba aliwakarimu kwa chupa zake za mwisho za konyaki, wakalala fofofo, msafara ukaondoka gizani na mbegu zake.

Aliamini kwamba baadhi ya ngano ilianzia pale pale Ethiopia. Baadaye watafiti walimrekebisha: ngano ilifika kutoka Mashariki ya Kati zamani sana, ikakaa, ikazaa aina nyingi. Lakini kuhusu kinga hakukosea. Katika shayiri za kienyeji za Ethiopia, zilizokusanywa na wengine miaka kumi hivi baada yake, ulipatikana uhimilivu wa ubwiri unga ambao umebebwa na aina nyingi za shayiri za Ulaya kwa miongo kadhaa. Na ilipotokea Uganda, mwaka 1998 na 1999, kutu mpya ya shina la ngano iliyopewa jina Ug99, ambayo iliivunja kinga iliyokuwa ikitegemewa dunia nzima, moja ya kinga zilizokutwa bado zinasimama ilikuwemo katika ngano ngumu ya Ethiopia. Ukungu nao unabadilika. Kinga ya leo inaweza kushindwa kesho kutwa, na ndiyo maana kutafuta hakuishi.

Soya

Mwaka 1929 Vavilov alikwenda magharibi mwa China, kisha Japani, Taiwan na Korea. Hilo ndilo eneo ambalo soya imelimwa tangu zamani kuliko kote, na ambako soya pori, yenye mbegu ndogo nyeusi na shina linalotambaa, bado inaota yenyewe kando ya mito. Wakati huohuo Wamarekani nao walikuwa na wakusanyaji wao Asia ya Mashariki wakinunua soya vijijini. Mawazo yalikuwa yale yale, kwamba mbegu zikusanywe kabla hazijapotea.

Matunda yake tunayaona leo. Kutu ya soya ilipoanza kuwatisha wakulima duniani, watafiti walifungua maghala ya mbegu wakapanda maelfu ya aina kwenye mashamba yenye ugonjwa. Vinasaba vya kwanza vya kuihimili vilitoka kwenye mbegu za kienyeji na za kale za Asia, zikiwemo za Japani, China na India. Nyingi kati ya mbegu hizo hazina mavuno ya kumpendeza mkulima. Kazi ya kituo cha utafiti ni kuzichavusha na soya yenye maganda mengi, kisha kuchuja kizazi kwa kizazi hadi kupata mmea wenye yote mawili. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa aina yake ya Maksoy 1N mwaka 2004, miaka minane tangu kutu iripotiwe Uganda, na nyingine zikafuata. Miaka minane kwa kazi hiyo si mingi.

Ni vizuri pia kujua kwamba kuhimili si kutougua kabisa. Mmea unaohimili unaweza kupata madoa mekundu ya kahawia, ila vumbi la ukungu linakuwa dogo au halipo, na majani hayapukutiki mapema. Mkulima akiona madoa machache asikimbilie kusema amedanganywa na muuza mbegu.

Mtu wa ahadi za haraka

Turudi Urusi, wakati huo Umoja wa Kisovieti. Vavilov alikuwa katika kilele. Mwaka 1929 alikuwa rais wa kwanza wa akademia ya sayansi ya kilimo ya nchi nzima. Taasisi yake ya Leningrad ilikuwa na vituo vingi vya majaribio, na ghala lake la mbegu, ambalo kufikia 1940 lilikuwa na sampuli zipatazo 250,000, halikuwa na mfano duniani. Mwaka 1930 alikwenda Mexico, 1932 na 1933 Amerika Kusini. Kutoka Argentina ilifika ngano ambayo baadaye iliingia kwenye ukoo wa Bezostaya 1, mbegu ya mtafiti Pavel Lukyanenko iliyokuja kulimwa kwenye mamilioni ya hekta kwa sababu ya mavuno yake.

Lakini nyumbani mambo yaliharibika. Stalin aliwalazimisha wakulima kuingiza mashamba na mifugo yao kwenye ushirika wa serikali. Nafaka ilichukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1932 na 1933 mamilioni walikufa kwa njaa Ukraine, Kazakhstan na kwenye bonde la Volga. Serikali haikutaka kukiri chanzo, ikataka miujiza ya mbegu. Wanasayansi waliagizwa watoe aina mpya kwa miaka minne au mitano badala ya kumi na zaidi.

Hapo akajitokeza Trofim Lysenko, mtoto wa mkulima kutoka Ukraine, aliyezaliwa 1898. Alijulikana kwa njia ya kulowesha mbegu ya ngano na kuiweka kwenye baridi kabla ya kupanda, ili ngano inayopandwa kabla ya majira ya theluji iweze kupandwa baada yake. Jambo lenyewe lina ukweli ndani yake. Kosa lilikuwa kudai kwamba tabia hiyo iliyofundishwa inarithiwa na watoto wa mmea, kwamba vinasaba ni hadithi za mabepari, na kwamba yeye atatoa aina mpya ya ngano kwa miaka miwili na nusu. Mwaka 1935 alihutubia Kremlin akiwashambulia wanasayansi waliompinga, na Stalin akamsifu mbele ya ukumbi mzima.

Hatutaki kumfanya Vavilov malaika. Mwanzoni alimsifu Lysenko na kumsaidia kupanda, akiona bidii ya kijana wa kijijini. Pia alifanya kazi chini ya serikali iliyowanyang'anya wakulima chakula, na hakusema hadharani. Lakini ilipofika mahali pa kuchagua kati ya cheo na ukweli wa kile alichokiona shambani, alichagua shamba. Kuanzia 1936 alibishana na Lysenko waziwazi kwenye mikutano. Mwaka 1938 Lysenko akawa rais wa akademia, maana yake mkubwa wake wa kazi. Vavilov aliendelea kufundisha urithi, akijua wenzake wanakamatwa mmoja mmoja.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa karibu na mji wa Chernivtsi, magharibi mwa Ukraine, akikusanya mimea. Gari jeusi likaja, wakamwambia anahitajika Moscow haraka. Wenzake walipofungua mfuko wake waliukuta umejaa mimea ya siku ile, na katikati yake ngano ya kale isiyolimwa tena na wengi.

Wakati wa njaa

Alihojiwa mara mamia, usiku mara nyingi, hadi akasaini kwamba alihujumu kilimo. Mwaka 1941 alihukumiwa kifo. Mwenzake Georgii Karpechenko, aliyekuwa maarufu kwa kuchanganya kabichi na figili, alipigwa risasi mwaka huohuo. Madaftari mengi ya Vavilov yalichomwa moto. Tunazijua safari zake za Ethiopia kwa sababu karani aliyeandika hatimkato yake alihifadhi sehemu ya maandishi, yakachapishwa mwaka 1962.

Majeshi ya Ujerumani yalipoikaribia Moscow, wafungwa walihamishiwa Saratov, mji ule ule aliokuwa profesa. Katika seli ya waliohukumiwa kufa, chumba kidogo chini ya ardhi, aliwafundisha wafungwa wenzake elimu ya mimea na urithi ili wasipoteze akili. Mwalimu wake wa zamani, Pryanishnikov, aliyekuwa mzee kupita miaka sabini, aliandika barua baada ya barua kumtetea, jambo ambalo wakati ule lingeweza kumgharimu maisha. Mwaka 1942 hukumu ilipunguzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Mwaka huohuo wanasayansi wa Uingereza walimchagua kuwa mwanachama wa kigeni wa Royal Society. Chakula cha gerezani kilikuwa unga wa kukorogwa na kabichi. Tarehe 26 Januari 1943 alikufa kwa utapiamlo.

Leningrad nako kulikuwa na njaa. Mji ulizingirwa na Wajerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, siku 872. Katika majira ya baridi ya kwanza mgawo wa asiye mfanyakazi ulishuka hadi gramu 125 za mkate kwa siku, mkate wenyewe umechanganywa na vitu visivyo chakula. Ndani ya jengo la taasisi kulikuwa na mchele, mahindi, njegere, karanga, shayiri, viazi. Wafanyakazi walijua kilicho ndani ya kila kopo. Walifunga vyumba, wakapeana zamu, wakapambana na panya, wakachoma fanicha ili viazi visigande.

Hawakula mbegu. Alexander Shchukin, mtunza karanga, alikufa akiwa mezani kwake kazini. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa kwa njaa huku akiwa amehifadhi maelfu ya vifurushi vya mpunga. Liliya Rodina, mtunza oti, alikufa pia, na wengine kadhaa. Hawakuwa na habari kwamba mkubwa wao naye anakufa njaa upande wa pili wa nchi.

Tumejadiliana sana hapa kituoni kuhusu watu hawa. Mmoja wetu alisema ni ujinga kufa njaa kando ya gunia la mchele. Mwingine akakumbusha kwamba kwao kijijini, hata mwaka wa njaa kali, bibi hakuruhusu mtu aguse mbegu iliyoning'inia juu ya moshi wa jiko. Hatukufikia mwafaka.

Waliobaki

Mke wa pili wa Vavilov, Elena Barulina, alikuwa mtaalamu wa dengu, na alikuwa mwenyeji wa Saratov. Vita vilipoanza alirudi huko na mtoto wao Yuri, aliyezaliwa 1928. Waliishi kwa shida, bila kujua kwamba baba yuko katika gereza la mji huohuo, umbali mfupi kutoka nyumbani kwao. Vifurushi vidogo vya chakula alivyoweza kuvipata Elena alivituma Moscow, akiamini mumewe bado yuko kule.

Mdogo wake, Sergei, aliteuliwa mwaka 1945 kuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya nchi nzima, cheo alichopewa na serikali ile ile iliyomuua kaka yake. Alikishika hadi kifo chake mwaka 1951.

Lysenko aliendelea kutawala, na kwa muda mrefu kufundisha vinasaba kulikuwa marufuku. Alipoteza uongozi wa taasisi yake mwaka 1965, akafa 1976, kitandani. Vavilov alisafishwa jina mwaka 1955, mahakama ikatamka kwamba hakukuwa na kosa. Elena alikuwa mgonjwa, lakini alianza kupanga maandishi ya mumewe ili yachapishwe, akafariki mwaka 1957 kazi haijaisha. Taasisi ya Leningrad ilipewa jina la Vavilov mwaka 1967. Bado ipo katika jengo lile lile, na ghala lake sasa lina sampuli zaidi ya 300,000.

Yuri alikua akawa mwanafizikia kama baba yake mdogo. Alitumia miaka mingi kutafuta kumbukumbu za baba yake, na alipokuwa mtu mzima wa miaka karibu sitini aliruhusiwa kusoma jalada la polisi wa siri. Saratov ipo sanamu ya ukumbusho kwenye makaburi ya Voskresenskoye, lakini wafungwa walizikwa pamoja, na mahali hasa alipolazwa Vavilov hapajulikani.